Mgonjwa akiweweseka baada ya upasuaji: mwongozo kwa anayekaa kando ya kitanda

Usiku wa pili baada ya kutiwa chuma kwenye nyonga, bibi mmoja wa Ngamiani aliamka saa nane na kuanza kusuka ukili, ule utepe wa ukindu wa kushonea mkeka. Mikononi hakuwa na kitu. Vidole vilipishana hewani, dole gumba likikaza, kingine kikichomeka, na kila baada ya muda alilowesha ncha za vidole kwa mate kama afanyavyo msusi ukindu ukimkaukia. Akamwambia mjukuu wake aondoke mlangoni, anamzibia upepo. Mjukuu alikuwa amekaa pale pale kitandani. Mlango uko mwisho wa wodi. Asubuhi wanawe wa kiume wakafika, wakamtazama, wakatazamana. Mama kapandisha jini, wakasema. Mmoja alikwisha kumpigia simu fundi wa kutoa majini huko Pongwe.

Mimi ni muuguzi, nimekaa wodi za upasuaji hapa Tanga miaka mingi. Nilimfunua bibi, nikamgusa chini ya kitovu: pagumu kama papai bichi. Mpira wa mkojo ulitolewa jana yake mchana, na tangu hapo alikuwa akitoa matone tu. Tulipomtia mpira tena, ulitoka mkojo karibu lita nzima. Jini lilikuwa mkojo.

Lakini hakuzinduka papo hapo, na hapo ndipo watu hukata tamaa. Chanzo kiliondoka saa mbili asubuhi. Akili ilirudi kidogo kidogo kwa siku nne. Katika siku hizo nne aliyemrudisha hasa ni yule mjukuu, binti wa miaka kumi na tisa, aliyejua bibi yake hunywa chai namna gani na wenzake wa barazani humwita nani. Mengi ninayoyaandika hapa niliyaona kwake.

Hali yenyewe

Sisi husema anaweweseka, anapayuka, kachanganyikiwa. Wataalamu huita deliriamu. Ni ubongo kuzidiwa ghafla na jambo lililoko kwingine mwilini: homa, maumivu, damu kupungua, dawa, mkojo uliozuilika. Si wazimu. Wala si ule usahaulifu wa uzee, ambao huja polepole kwa miezi na miaka. Hii huja ndani ya saa chache au siku moja mbili, mara nyingi kati ya siku ya kwanza na ya tatu baada ya upasuaji. Tena haitulii. Asubuhi atakuuliza hali za watoto kwa majina yao, magharibi ikiingia hakujui. Daktari wa raundi akipita saa tatu asubuhi anamkuta na akili zake timamu, anaandika hivyo kwenye faili, anakwenda kitanda kinachofuata. Aliyeyaona ya usiku ni wewe.

Huwapata zaidi waliovuka miaka 65, walioanza kusahau hata kabla ya kulazwa, wasioona au wasiosikia vizuri, wanaotumia dawa nyingi, wanywaji pombe, na waliovunjika nyonga kuliko karibu upasuaji mwingine wowote wa mifupa. Kijana naye aweza kuipata akiwa mahututi.

Watu wengi huilaumu nusukaputi: "dawa ya usingizi imemkaa kichwani." Ndugu wengine hata hugombana na daktari wakitaka mzee wao achomwe sindano ya mgongo badala yake. Mwaka 2021 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanywa Marekani na Kanada kwa wagonjwa 1,600 waliovunjika nyonga, nusu wakipewa nusukaputi na nusu sindano ya mgongo. Waliochanganyikiwa walikuwa kama mmoja kwa kila watano, pande zote mbili. Kwa hiyo ugomvi huo uache; nguvu zako zitahitajika kwingine.

Tena hali hii ina sura mbili. Ya kwanza kila mtu anaijua: anapiga kelele, anachomoa dripu, anataka kwenda kwake, anaona siafu ukutani. Ya pili ni ya kimya, na hii ndiyo inayoniogopesha. Mzee amelala tu. Ukimwita anafungua macho, anasema "mm", anayafunga. Chakula kinapoa. Ndugu wanaambiana kwa sauti ya chini: kapumzika, msimwamshe. Niliwahi kumsifia mzee wa namna hiyo mbele ya wanafunzi wangu, nikasema huyu ndiye mgonjwa mzuri, hasumbui mtu. Kumbe mapafu yake yalikuwa yameshaanza kujaa. Tangu siku ile, mgonjwa asiyesumbua huwa namwendea wa kwanza.

Hatua ya 1: Anza kabla hajaingia thieta

Kama upasuaji umepangwa, una muda. Kwenye kikapu weka miwani yake, meno yake ya bandia, kifaa cha kusikia kama anacho, saa ya mishale anayoweza kuisoma kwa mbali, kanga au shuka aliyoizoea, tasbihi au rozari. Redio ndogo pia. Miwani na meno vitavuliwa kabla ya kuingia thieta, na ni sawa. Tatizo ni kwamba hubaki chini ya kitanda siku tatu nzima, huku mgonjwa akiambiwa "tazama, mimi ni mwanao" na yeye anaona ukungu. Akiamka vema na nesi akiridhia, mrudishie.

Leta dawa zake zote, si majina yake. Za presha, za sukari, za usingizi alizonunua dukani, za mafua, za maumivu ya mgongo, na za miti shamba. Tatizo mara nyingi hukaa kwenye zile asizohesabu kuwa ni dawa.

Halafu lile tunaloona haya kulisema. Mzee anaswali, anaheshimika mtaani, lakini jioni hupitia mahali akanywa tembo la mnazi, au gongo. Mwite nesi pembeni umwambie: anakunywa, kiasi hiki, mara ya mwisho siku fulani. Hatumtangazi mtu. Mnywaji wa kila siku akikatishwa ghafla anaweza kupata degedege, na kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kutetemeka, kutoka jasho na kuona visivyokuwapo. Hiyo huua, na tiba yake ni tofauti na ya kuweweseka kwingine, hata dawa zinazokatazwa kwa wengine kwake ndizo zinazotakiwa, pamoja na vitamini B1. Ugoro, sigara na mirungi navyo vitaje.

Hatua ya 2: Mpime kwa kipimo chake mwenyewe

Hospitali nyingi duniani hutumia kipimo kifupi kiitwacho 4AT. Huangaliwa kama yu macho sawasawa. Huulizwa umri, tarehe ya kuzaliwa, mahali alipo na mwaka. Huambiwa ataje miezi kinyumenyume, akifika miezi saba bila kukosea amefaulu. Mwisho huulizwa kama hali imebadilika ghafla. Alama nne au zaidi, atafutwe chanzo.

Sasa mchukue bibi wa Tongoni ambaye hakupelekwa shule. Tarehe ya kuzaliwa hajawahi kuijua, na Desemba kurudi Novemba ni hesabu ya watu wengine. Akishindwa, umepima shule yake, hukupima akili. Muulize anachokijua. Ataje siku za juma kurudi nyuma: Jumapili, Jumamosi, Ijumaa. Au ataje miezi kwa hesabu yake, Ramadhani, Shaabani, Rajabu, kisha Mfungo Tisa akishuka. Wako wazee huishusha hiyo mpaka Mfungo Mosi huku wanatafuna tambuu. Muulize imeshaadhiniwa swala gani. Hivi si vipimo rasmi. Unamlinganisha mzee wa leo na yule wa juzi, na wa juzi unamjua wewe.

Kuna mtego hapa, na wauguzi vijana kutoka bara hunaswa sana. Ukimuuliza mzee wa pwani Alhamisi baada ya magharibi leo ni lini, atakuambia ni usiku wa Ijumaa. Hajakosea. Siku yake huanza jua likizama. Msaidie nesi alielewe hilo kabla halijaandikwa kuwa hajui siku.

Cha kutazama zaidi ni kama anaweza kushika neno moja na kukaa nalo. Anaanza kujibu, katikati anafuata sauti ya toroli, anasahau aliulizwa nini. Anachambua shuka kama anatoa chuya kwenye mchele. Analala mchana kutwa, usiku macho yanamtoka. Maneno hayaunganiki.

Mdomo ukienda upande, mkono au mguu mmoja ukilegea, au kauli ikikwama ghafla, usipoteze muda kwa maswali. Piga ukelele nesi aje, huenda ni kiharusi.

Hatua ya 3: Mwambie nesi, kwa ufupi na kwa uhakika

Usiseme "Sista, mama hayuko sawa." Sentensi hiyo tunaisikia mara arobaini kwa siku. Sema hivi: "Sista, pole na kazi. Mama jana mchana alinijua na aliuliza habari za watoto. Tangu magharibi hanijui, anashika vitu hewani, na hajakojoa tangu mchana. Hii si kawaida yake. Naomba aangaliwe." Hapo umenipa saa, umenipa badiliko, umenipa pa kuanzia. Kama ni usiku na daktari hayupo, omba iandikwe kwenye faili, na asubuhi wakati wa raundi uwepo.

Kisha saidia kutafuta chanzo. Mara nyingi viko viwili vitatu kwa pamoja, kwa hiyo kikipatikana kimoja msikae.

Mkojo nimeshausema kwa mfano wa bibi. Choo nacho kimo: dawa kali za maumivu hufunga choo, na siku nne bila choo zatosha kumvuruga mzee. Maumivu yenyewe nayo huchanganya. Mzee wa Kisambaa hatalalamika. Tazama uso akigeuzwa, sikiliza pumzi. Parasetamoli ikipangwa kwa saa maalumu, badala ya kungoja aombe, hufanya kazi kubwa na humpunguzia haja ya zile kali.

Maambukizi: kifua, njia ya mkojo, mshono uliowiva na kutoa majimaji. Mzee anaweza kuwa na maambukizi mazito bila joto kupanda. Malaria usiisahau, Tanga ni Tanga. Upungufu wa maji, upungufu wa damu, chumvi za mwilini kuyumba, hewa ya oksijeni kushuka, haya yanahitaji mashine na maabara. Sukari ni ya kupimwa mara moja, hasa kama anatumia dawa za kisukari na hajala. Ikishuka ni dharura ya dakika, si ya saa.

Na dawa. Uliza kwa adabu: "Dokta, kuna dawa anayopewa inayoweza kumchanganya?" Pethidini ina sifa mbaya kwa wazee. Tramadoli nayo humvuruga mtu. Diazepamu na nyingine za usingizi humtuliza saa mbili kisha huzidisha ukungu, isipokuwa kwa yule mnywaji niliyemtaja na kwa aliyezoea dawa hizo siku zote. Promethazini, piritoni na jamii yake, amitriptilini, hizi hukausha mdomo, hufunga choo na mkojo, na humtibua mzee kichwa. Usimkatie dawa wewe. Uliza.

Hatua ya 4: Sema naye

Kaa mbele yake, uso wako uwe usawa wa wake, mwanga ukuangukie wewe. Mwamkie kama unavyomwamkia nyumbani, shikamoo kwanza. Mzee aliyesahau mji wake huitikia marahaba bila kufikiri, na mara nyingi macho hukaa sawa baada ya hapo. Jitaje: "Ni mimi Zaina, mwana wa Fatuma." Mwambie yuko wapi na kwa nini: "Uko hospitali, ulianguka msalani, nyonga imetengenezwa, inapona." Sentensi moja, nyamaza, mpe muda. Utairudia mara ishirini kwa siku kwa sauti ile ile. Usimfanye mtihani wa "mimi nani, haya nitaje." Anaposhindwa anajiona, na anaogopa.

Akisema yasiyokuwapo, usibishane wala usiyakubali. Nilikuwa na mzee aliyekata mkonge mashambani karibu umri wake wote. Akanichukulia mimi ndiye nyapara, kila nikija na kikombe cha maji anakataa, hajamaliza mafungu yake, nitamkata posho. Nikamweleza kwa mantiki nzuri kabisa kwamba mimi ni nesi. Akazidi kuhema. Bintiye akasogea, akamshika mkono: "Umechoka, baba. Kazi ya mkonge uliimaliza zamani. Sasa uko hospitali, mimi mwanao niko hapa. Kunywa." Akanywa kikombe kizima. Binti alilijibu lile lililokuwa kweli ndani ya maneno ya mzee, yaani uchovu, na hakumdanganya.

Kama mgonjwa amerudi kwenye lugha ya utotoni, Kibondei, Kidigo, Kizigua, mtafutie anayeisema. Nimeona mtu akiandikwa kuwa "anatoa sauti zisizoeleweka" kumbe anaomba maji kwa Kisambaa.

Hatua ya 5: Mchana uwe mchana, usiku uwe usiku

Asubuhi fungua pazia, mwoshe uso, mvalishe miwani, mwinue aketi. Adhana ikisikika dirishani mwambie ni ipi. Kama wodi haina dirisha karibu, saa ya mishale itundikwe anapoiona. Mchana alale kidogo tu.

Usiku ndio mgumu. Taa ya juu izimwe mkiruhusiwa, simu zinyamazishwe, na msiongee juu ya kichwa chake habari za gharama na mirathi, anasikia. Muuguzi akiweza kuzipanga dawa na vipimo vya usiku pamoja, mgonjwa haamshwi mara nne. Mwaka 1999 daktari wa Marekani, Sharon Inouye, na wenzake walitoa matokeo ya wagonjwa 852 wenye miaka 70 na zaidi, waliolazwa kwa maradhi ya kawaida, si ya upasuaji. Upande mmoja ulitunzwa kama kawaida, na waliochanganyikiwa walikuwa asilimia 15. Upande wa pili ulipewa miwani, vifaa vya kusikia, maji, kutembezwa, mazungumzo na usingizi usiokatizwa, wakawa asilimia 9.9. Na hicho cha usingizi kilikuwa nini? Kinywaji cha moto, muziki laini, na kusuguliwa mgongo. Nilipokisoma nilicheka peke yangu, kwa kuwa bibi yangu hakuhitaji kwenda Marekani kulijua hilo.

Kwa hiyo maziwa ya uvuguvugu saa mbili usiku, kama anaruhusiwa kunywa. Mafuta ya nazi kidogo mgongoni, mbali na mshono. Redio kwa sauti ya chini, kisomo au taarabu ya zamani, anachokipenda yeye na si unachokipenda wewe.

Hatua ya 6: Maji, chakula, miguu

Usimlishe mtu anayesinzia. Chakula kitaingia mapafuni. Mwinue kabisa, hakikisha macho yamefunguka na amemeza tone la kwanza bila kukohoa, ndipo uendelee. Kidogo kidogo, mara nyingi: uji wa mchele, supu ya samaki, mtori, chungwa la Muheza limenywe kwa vipande. Madafu ni mazuri, ila kwa mwenye ugonjwa wa figo au sukari muulize daktari kwanza. Andika kwenye karatasi alichokunywa na saa aliyokojoa. Karatasi hiyo ina thamani kuliko unavyodhani. Meno yawe mdomoni wakati wa kula. Nimemkuta mtu "hana hamu ya kula" siku mbili, meno yako kikapuni.

Kuketi na kusimama mapema husafisha kichwa. Ila kukanyagia mguu uliopasuliwa ni amri ya daktari au mtaalamu wa mazoezi, kwa hiyo uliza: anaruhusiwa kukanyaga, kiasi gani, kwa fremu au magongo? Avae viatu vinavyoshika. Kandambili zilizolika ndizo zilizomleta wengi wao wodini. Na kila asubuhi uliza kama mpira wa mkojo bado unahitajika. Ukikaa bila sababu huleta maambukizi, nao mgonjwa huuvuta usiku kucha. Ukitolewa, kumbuka papai bichi.

Hatua ya 7: Akitaka kushuka au kuchomoa dripu

Msimfunge. Najua inavyokuja, kanga mbili na nguzo za kitanda, na ndugu hufanya kwa huruma. Aliyefungwa huogopa zaidi, hupigana zaidi, huumia mikono, na akianguka huanguka vibaya. Badala yake mtu akae karibu, kitanda kishushwe chini, mpira wa dripu upitishwe ndani ya shati au ufunikwe kwa bandeji asiuone, na mikono ipewe kazi. Yule mjukuu wa Ngamiani alimletea bibi ukindu wa kweli. Siku mbili mfululizo bibi hakuigusa sindano ya dripu. Alisuka ukili wa kama dhiraa moja, mwanzo umekwenda mrama, mwisho umenyooka. Mngeupima ule ukili mngeona akili ikirudi.

Mara nyingi anayetaka kushuka anataka choo. Muulize hilo kwanza.

Kama anahatarisha maisha yake au ya wengine na maneno yameshindwa, daktari anaweza kuandika dawa ya kutuliza kwa kipimo kidogo na kwa muda mfupi. Ni uamuzi wake. Kidonge cha usingizi kutoka duka la dawa, kilichofichwa kwenye uji, hapana.

Kuhusu kombe na mafusho

Nimezaliwa Tanga, sitajifanya sijui. Kisomo na maombi ya sauti ya chini kando ya kitanda sijawahi kuyakataza. Mgonjwa huyajua tangu utoto na hutulia. Kombe, yaani aya zilizoandikwa kisha zikaoshwa kwa maji, ni kitu cha kunywa, kwa hiyo sheria zake ni zile za kunywa: kama amezuiwa kula au anasinzia, lisubiri. Mafusho kwenye wodi yenye oksijeni ni moto, na kwa kifua kilichopasuliwa ni kikohozi. Dawa ya mizizi usimpe kwa siri. Zipo zinazoongeza kutoka damu na zipo zinazogombana na vidonge. Wale wana wa bibi niliwaambia: mkitaka kusoma someni, lakini mkojo mwacheni nesi. Fundi wa Pongwe alikuja kweli, akamjulia hali, akanywa soda, akarudi.

Hatua ya 8: Gawaneni zamu

Nyuso mbili tatu zilizozoeleka, si ukoo mzima. Saa za kuona wagonjwa watu kumi na wawili wakizunguka kitanda, kila mmoja na salamu yake na swali lake, mzee hupotea kabisa jioni ile. Wajumbe wa mtaani wapokelewe nje. Anayekesha usiku asiwe yule aliyeshinda mchana. Aliyechoka hukasirika, na mgonjwa huisoma hasira kabla ya maneno. Muombe msimamizi wa wodi ruhusa ya mtu mmoja kubaki usiku, mweleze sababu.

Hatua ya 9: Nyumbani

Wengi hurudi kawaida ndani ya siku chache au wiki. Wengine, hasa waliokuwa wameanza kusahau, huchukua miezi, na wapo ambao hawarudi wote. Usishangae akiwa mzima asubuhi na mzito jioni kwa muda.

Wiki za mwanzo asipike peke yake kwenye jiko la mkaa, asiendeshe baiskeli, na namba ya siri ya simu ya pesa isichezewe na mtu. Karatasi za shamba au nyumba zisiletwe kutiwa saini wala dole gumba; nimeona yaliyofuata. Dawa agawe mtu mmoja. Taa ndogo iwake njia ya msalani. Mrudishe hospitali bila kungoja akianza upya kuchanganyikiwa, akipata homa, mshono ukitoa usaha, akishindwa kukojoa, akikataa kula na kunywa, au akilala usingizi usioamshika.

Jambo moja husahaulika. Wengi hukumbuka vipande vya yale waliyoyaona, tena vya kutisha, na huona haya kuuliza. Walimtukana nani? Walivua nguo? Msimcheke na msimfiche. Mwambie: ulikuwa mgonjwa, mkojo ulizuilika, ukachanganyikiwa, ulisema hili na lile, kwisha. Bibi wa Ngamiani alipokuja kliniki baada ya wiki sita, alinishika mkono akaniuliza kwa kunong'ona mkeka wake mkubwa aliousuka wodini nani kauchukua. Nikamweleza yote, pamoja na habari ya mlango na upepo. Akafikiri kidogo, akasema ndiyo maana mjukuu wake kamletea kipande cha ukili kibovu namna ile na kumwambia ni kazi yake.

Kabla ya kuondoka kliniki omba iandikwe kwenye daftari lake kwamba aliweweseka baada ya upasuaji, kwa siku ngapi, na chanzo kilikuwa nini. Aliyepata mara moja ni rahisi kupata tena, na siku atakapohitaji upasuaji mwingine, hata wa jicho, daktari wa nusukaputi atataka kulijua hilo kabla ya kuchagua dawa.